Kivuli Kimepotelea Kwenye Leya: After Effects, Motion, Fusion au Blender?

Mtu akikuambia ameweka taa, amewasha kivuli, ameburuta taa kila upande na kivuli hakitokei, usianze kuhangaika na taa yake. Mwambie akuonyeshe orodha ya leya, yaani tabaka zinazopangwa moja juu ya nyingine kutengeneza picha. Mara nyingi taa ni nzima na mipangilio ya kivuli iko sawa, ila kuna leya moja imekaa katikati ya nyingine na kuwatenganisha wanaotakiwa kukutana.

Programu za mosheni grafiki (picha na maandishi yanayotembea) hazikubaliani kuhusu jambo hili. Kuna zinazosikiliza orodha, ya juu ifunike ya chini. Kuna zinazosikiliza nafasi ya kitu ndani ya 3D, kilicho karibu na kamera kifunike kilicho mbali. Zenye matatizo zaidi ni zile zinazosikiliza vyote viwili kwa zamu. Hapa nalinganisha nne kwa kigezo hicho: After Effects, Motion, Fusion iliyomo ndani ya DaVinci Resolve, na Blender. Bei na uzito wa mashine nitavigusa kwa kupita tu, maana hayo kila mtu ameshayaeleza.

Tuchukue kazi moja ya kawaida ya huku kwetu Mbeya: tangazo la sekunde 15 la mchele wa Kyela. Nyuma kabisa ipo picha ya mlima Loleza. Mbele yake kuna sakafu ya mbao, juu ya sakafu gunia la mchele, na mbele ya gunia jina la mchele kwa herufi kubwa. Kati ya jina na gunia mteja anataka ukungu upite taratibu. (Ndiyo, Kyela ni bondeni, kuna joto, na Loleza iko Mbeya mjini. Anayelipa ni yeye.) Taa inatoka juu kushoto. Jina liangushe kivuli kwenye gunia, gunia liangushe chake sakafuni. Leya tano tu, na ukungu ndio utakaotuonyesha tofauti ya programu hizi.

After Effects: taa inapita, kivuli kinazuiwa

After Effects ilitoka mwaka 1993 ikiwa programu ya leya juu ya leya, na 3D ikaingia mwaka 2001 katika toleo la 5. Mpaka leo mshono kati ya hizo mbili unaonekana. Leya za 2D zinachorwa kuanzia chini ya orodha kwenda juu. Leya za 3D zinapangwa kwa umbali wake kutoka kwenye kamera. Ukiwa na leya za 3D tupu, orodha inakuwa kama haipo: liweke gunia juu ya jina kwenye orodha, na jina litabaki mbele kwenye picha kwa sababu liko karibu zaidi na kamera. Orodha inaulizwa pale tu leya mbili zinapokuwa na umbali uleule.

Sasa ingiza ukungu. Ni video ya kawaida, 2D, na umeiweka kati ya jina na gunia kwenye orodha kwa kuwa ndipo unapotaka ionekane. Hapo After Effects inafanya hivi: inachukua leya za 3D zilizofuatana bila kukatizwa na kuzirenda (kuzichora kuwa picha ya mwisho) kama kundi moja, inaweka ukungu juu yake, kisha inarenda kundi lililo juu ya ukungu. Vivuli vinaishia ndani ya kundi lake. Gunia na sakafu wako kundi la chini, kwa hiyo kivuli cha gunia sakafuni kipo, kizuri kabisa. Jina liko peke yake kundi la juu, na kivuli chake hakina pa kuangukia. Hata ukilirudisha jina nyuma ya gunia kwa kubadili Z (nafasi yake ya mbele na nyuma), bado litachorwa mbele, kwa sababu sasa orodha ndiyo yenye neno.

Kinachochanganya watu ni kwamba taa yenyewe haizuiwi. Taa inamulika leya zote za 3D, ziwe juu ya ukungu au chini yake. Ukiisogeza, jina linabadilika rangi na gunia linabadilika rangi, kwa hiyo unaamini kila kitu kimeunganishwa. Kumbe mwanga umevuka na kivuli kimebaki ng'ambo.

Ukungu wa 2D siyo mkosaji pekee. Leya ya marekebisho, ile unayoiweka ili kurekebisha rangi ya vyote vilivyo chini yake, inakata kundi vilevile. Kompozisheni ya ndani (mkusanyiko wa leya uliowekwa kama leya moja) yenye 3D inakata kama hujawasha ile alama ya jua dogo inayofungua yaliyomo. Na hata ukiiwasha, efekti, maski iliyofungwa au leya ya kukatia ikiwekwa juu ya kompozisheni hiyo, inakata tena. Kisha kuna mtindo wa leya (Layer Style), yaani pambo kama kivuli linalobandikwa kwenye leya, ambao ndio mtego wa kiungwana kuliko yote. Leya ya 3D yenye mtindo wowote wa leya inawatenganisha walio juu yake na walio chini yake.

Naueleza huo kidogo kwa sababu watu wanauingia kwa nia njema. After Effects inashughulikia leya kwa utaratibu huu: maski, efekti, kisha kusogeza na kuzungusha, mwisho mitindo ya leya. Ukibandika kivuli kama efekti kisha ukazungusha leya, kivuli kinazunguka nayo, kana kwamba jua limefungwa kwenye herufi. Ukikibandika kama mtindo wa leya, kinawekwa baada ya mzunguko, kwa hiyo upande wa kivuli haubadiliki. Ndiyo maana mtu makini anachagua mtindo. Kwenye 2D amechagua vizuri. Kwenye 3D amepata kivuli cha kubandika na kupoteza vivuli vya kweli.

Kuna njia tatu za kuokoa tangazo letu humu. Ya kwanza, ugeuze ukungu uwe 3D na kuupa nafasi yake kati ya jina na gunia. Bonyeza A mara mbili ufungue mipangilio ya leya iitwayo Material Options, uzime kupokea mwanga ili usibadilike rangi, na uache kuangusha kivuli kukiwa kumezimwa. Njia hii ni safi, ila kamera ikizunguka sana kingo za video ya ukungu zitaonekana. Ya pili, upeleke ukungu juu ya vyote kwenye orodha. Mteja mwenye haraka anaweza asione tofauti.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda. Kuangusha kivuli kwenye After Effects kuna hali tatu: kumezimwa, kumewashwa, na hali iliyoandikwa Only, ambapo leya yenyewe haionekani ila kivuli chake kipo. Nakili jina, weka nakala chini ya ukungu kwenye orodha, kwenye kundi la gunia, uiweke katika hali hiyo ya tatu, na uifunge iwe mtoto wa jina la asili ili zitembee pamoja. Jina linaonekana juu ya ukungu, kivuli kinaanguka kwenye gunia chini ya ukungu, na ukungu unakilainisha kivuli kama inavyotakiwa. Angalia jambo moja: uzazi wa leya unarithisha mahali, ukubwa na mzunguko, haurithishi uwazi (opacity, kiwango cha leya kuonekana). Kama jina linaibuka taratibu kutoka kwenye uwazi wa sifuri, uunganishe uwazi wa nakala na wa jina kwa ekspresheni (fomula fupi). Usipofanya hivyo, kivuli kitakuwa kimeshalala kwenye gunia kabla jina halijaonekana, na hakuna mteja asiyeliona hilo.

Leya mpya ya 3D huja na kuangusha kivuli kukiwa kumezimwa, huku kupokea kivuli kukiwa kumewashwa. Taa nayo ina swichi yake. Zote mbili lazima ziwe zimewashwa. Mwanga wa jumla (Ambient) hauangushi kivuli kabisa, hata ufanye nini.

Haya yote yanaifanya orodha ionekane adui, ila ipo kazi moja ambayo inaifanya vizuri kuliko programu nyingine hapa. Taa ni leya, na leya ya taa inaweza kuwashwa alama ya marekebisho. Ukiiwasha, inamulika zile tu za 3D zilizo chini yake kwenye orodha. Unataka gunia lipate mwanga wa njano wa jioni na jina libaki jeupe? Weka taa ya njano kati yao kwenye orodha, washa alama, umemaliza. Kwa kuwa taa haikati kundi, vivuli vinaendelea kama kawaida.

Motion: programu inakuuliza waziwazi

Motion ni ya Mac tu, na kwa kuwa wengi wetu tuko kwenye Windows, sitakaa sana hapa. Ila ina wazo moja zuri. Leya zinakaa ndani ya vikundi, na kila kikundi ni cha 2D au cha 3D. Ukiongeza taa kwenye mradi wenye vikundi vya 2D, inakuuliza kama ivigeuze kuwa vya 3D, maana taa haifanyi kazi kwenye 2D. Swali hilo moja, linaloonekana kero, linazuia nusu ya mkanganyiko niliousimulia hapo juu.

Ndani ya kikundi cha 3D vitu vinapangwa kwa umbali. Ukitaka orodha ndiyo iamue, kuna kisanduku cha Layer Order kwenye mipangilio ya kikundi. Ukikiwasha, cha juu kwenye orodha kinachorwa mbele hata kama kwenye nafasi kiko nyuma. Kwa hiyo uamuzi wa orodha au umbali unaufanya wewe, kikundi kwa kikundi. Kwa tangazo letu ningeacha kisanduku kimezimwa, kwa sababu ukiwasha utapata picha inayogombana yenyewe: jicho linaambiwa jina liko mbele ya gunia huku nafasi, ambayo taa inaitegemea, ikisema vingine. Kila kitu kina chaguo la kuangusha kivuli, la kupokea, na la kuonyesha kivuli peke yake, kwa hiyo ile hila ya nakala isiyoonekana ipo hapa pia.

Unaweza kuilipia mara moja, bila makato ya kila mwezi. Kama tayari una Mac na unahariri kwa Final Cut Pro, usitafute mbali. Kununua Mac kwa ajili ya Motion sioni sababu.

Fusion: taa ndiyo inayozuiwa

Fusion imo ndani ya DaVinci Resolve, hata ile ya bure, na ya bure inatoa video hadi 3840 kwa 2160. Hapa hakuna orodha ya leya. Kuna nodi, visanduku vilivyounganishwa kwa nyaya, na mpangilio unausoma kwa kufuata waya.

Kwa picha za 2D nodi inayounganisha ni Merge. Ina mlango wa nyuma na mlango wa mbele. Kinachoingia mlango wa mbele kinafunika. Kwa 3D nodi ni Merge3D, na hapo milango haina cheo. Uchomeke gunia kwanza au jina kwanza, ni sawa, kinachoamua ni umbali. Ukishazoea kwamba nodi zenye 3D kwenye jina ni dunia moja na zisizo nayo ni dunia nyingine, na kwamba mlango wa kutoka ya 3D kwenda ya 2D ni Renderer3D tu, hutauliza tena kwa nini kivuli cha jina hakifiki kwenye gunia. Utaona kwa macho kwamba jina limeingia kwenye Renderer3D nyingine.

Tofauti kubwa na After Effects iko kwenye taa. Taa uliyoichomeka kwenye Merge3D inamulika vilivyomo kwenye Merge3D hiyo. Ukiichukua Merge3D hiyo ukaiingiza kwenye nyingine kubwa yenye sakafu, sakafu haipati mwanga mpaka uwashe chaguo la kupitisha taa kwenye ile ya kwanza. Yaani kule mwanga ulivuka bila kuulizwa na kivuli kikabaki. Huku mwanga wenyewe unasubiri ruhusa. Kwa anayehama kutoka After Effects, hili litamsumbua zaidi ya nyaya. Likishamwingia, linampa anachokipata kule kwa ile taa ya marekebisho: kundi hili lina taa yake, kundi lile lina yake, vyote kwenye picha moja.

Kuna mambo matatu usipoyajua utadhani Fusion imeharibika. Mwanga na vivuli vimezimwa kwenye Renderer3D mpaka uviwashe mwenyewe, kila kimoja na kisanduku chake. Pili, taa inayoangusha kivuli ni moja tu, ile ya kulenga, yaani spoti. Ya miale sambamba na ya balbu zinamulika tu. Tatu, kuna njia mbili kuu za kurenda, OpenGL iliyo ya haraka na ile ya Software iliyo ya polepole, na vivuli vyenye kingo laini unavipata kwenye hiyo ya polepole.

Ukungu wetu sasa. Uchomeke video yake kwenye ImagePlane3D, uiweke kati ya jina na gunia, uzime kuathiriwa na mwanga na kuangusha kivuli, uunganishe kwenye Merge3D ileile. Basi. Ukitaka ubaki 2D kwa sababu ya efekti fulani, itabidi urende mara mbili na kuuweka katikati kwa Merge, na hapo nakala isiyoonekana inarudi: ingiza jina kwenye tukio (scene) la gunia likiwa na chaguo la kutoonekana na kamera. Kivuli chake kitabaki, ila kwa njia ya Software pekee. Kwenye OpenGL kinaondoka pamoja na jina.

Kuhusu mashine, Blackmagic wenyewe, watengenezaji wa DaVinci Resolve, wanashauri RAM ya GB 32 kwa Windows ukitumia Fusion. Kwa GB 16 kazi kama hii inaenda ukipunguza ubora wa kuangalia wakati wa kutengeneza. Kwa GB 8 tafuta kitu kingine cha kufanya huku unasubiri.

Blender: hakuna orodha ya kulaumu

Blender ni ya bure, msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2002, na kwa swali letu ndiyo yenye jibu fupi. Kila kitu kiko kwenye nafasi. Orodha iliyo kulia juu ni ya kupangia vitu tu; ukipandisha gunia juu ya jina humo hakuna kinachobadilika kwenye picha. Weka jina, gunia, sakafu na ukungu mahali pake, weka taa, kivuli kitaanguka panapostahili. Ukungu ukiwa ni picha yenye uwazi kwenye bamba, zima tu kuangusha kivuli kwenye mipangilio ya kuonekana ya bamba hilo. Ukiutengeneza kama ujazo wa kweli (volume), mwanga utapita ndani yake na jina litachora mistari ya kivuli hewani, jambo ambalo After Effects haikupi bila kudanganya. Utalilipia kwa muda wa kurenda, na umeme ukikatika katikati ya fremu utaijutia hiyo mistari. Renda kwa mfululizo wa picha za PNG badala ya video moja, ili ukirudi uendelee ulipoishia.

Orodha haijafutika kabisa, imehamia mlango wa nyuma. Ukigawa tukio kwenye leya za kurenda ili urekebishe jina na gunia kila kimoja kivyake, unarudi palepale: jina likiondolewa kwenye leya ya gunia, kivuli chake kinaondoka. Dawa kwenye Cycles, mojawapo ya injini za kurenda za Blender, ni kuliweka kundi la jina katika hali ya Indirect Only, ambapo halionekani na kamera lakini vivuli na mng'ao wake vinabaki. Ni hila ileile kwa mara ya nne, kwa jina jingine. Baadaye kwenye kompozita (sehemu ya kuunganisha picha zilizorendwa), nodi ya Alpha Over nayo inauliza ipi imeingia kwanza, na hiyo ndiyo inakuwa ya nyuma.

Taa kuchagua wa kummulika kulikuja rasmi kwenye toleo la 4.0 la mwaka 2023 kwa Cycles. Unaweza hata kuchagua nani azuie mwanga wa taa fulani na nani asizuie, bila kugusa mpangilio wowote.

Pale Blender inapoziacha nyingine mbali ni kuunganisha kitu na picha halisi. Cycles ina chaguo la kuigeuza sakafu iwe mpokea kivuli: yenyewe haionekani, kivuli kinabaki, na chini yake unaweka picha uliyoipiga. Ila hapo taa yako inabidi ikubaliane na jua lililokuwepo siku ya picha, na huku kwetu wengi wanakosea kwa sababu wanafuata mafunzo ya watu wa Ulaya au Marekani, ambako adhuhuri jua liko kusini mwaka mzima. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, kama nyuzi 58 juu ya upeo. Mti wa mita moja unaangusha kivuli cha sentimita 63 hivi kuelekea kusini. Desemba jua limehamia kusini, liko juu zaidi, na kivuli cha mti uleule kina sentimita 26 kuelekea kaskazini. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba linapita utosini na kivuli kinaishia miguuni. Adhuhuri hiyo yenyewe siyo saa sita kamili. Kwa kuwa tuko magharibi ya mstari ambao saa za Afrika Mashariki zinaufuata, jua linafika juu kabisa karibu saa saba kasorobo.

Kwa tangazo letu: Loleza iko kaskazini mwa mji. Ukiipiga picha ukiwa mjini unatazama kaskazini, kushoto kwako ni magharibi. Taa inayotoka kushoto maana yake picha ipigwe alasiri. Picha ya asubuhi ikiwekwa nyuma ya gunia lenye kivuli kinachokwenda kulia, mtu wa Mbeya ataona kuna kitu hakikai sawa hata kama hawezi kukitaja.

Uchague ipi

Kwanza jiulize kama kivuli kina kitu cha kuangukia. Jina la mgeni rasmi chini ya skrini, ratiba ya sendoff, matokeo ya mechi ya uwanja wa Sokoine: hapo kivuli ni pambo la herufi, hakiangukii mahali. Fanya kwa 2D, kibandike, na usiwashe 3D kabisa. Hata CapCut kwenye simu inatosha. Humo leya ya juu inafunika ya chini, kivuli kinakaa na maandishi yake, na hakuna kundi la kukatwa. Watu wanapoteza siku nzima wakitengeneza taa kwa ajili ya kivuli ambacho mtazamaji angekipata kwa kubonyeza mara moja.

Kama kazi zako nyingi ni templeti zilizonunuliwa, intro za harusi na matangazo ya msimu, baki After Effects. Templeti ziko humo, na mafundi wengine utakaobadilishana nao faili wako humo. Jifunze tu kuisoma orodha kama makundi. Kabla ya kuweka leya yoyote katikati ya leya za 3D, jiulize kama ni 2D, ya marekebisho, au ina mtindo. Gharama ni ya kulipia kwa mwezi au mwaka, na hilo kila mtu apige hesabu na mfuko wake.

Kama unauza bidhaa zinazosimama juu ya kitu, gunia, chupa ya asali, pakiti ya chai ya Mufindi au Rungwe, na una muda wa kujifunza, Blender inalipa. Kivuli chake hakihitaji kutetewa. Lakini kwa mteja wa leo saa nane anayetaka kesho asubuhi, na mwenye tabia ya kusema "kaka, ukungu uwe mzito kidogo" baada ya kurenda, itakukamua.

Kwa ofisi ndogo ya watu wawili watatu ambayo haijafungwa na templeti, mimi nachagua Fusion, na bei siyo sababu ya kwanza. Faili moja inapita mikononi mwa watu kadhaa: mmoja anatengeneza, mwingine anaongeza nembo, wa tatu anarekebisha rangi usiku. Kwenye After Effects huyo wa tatu akiweka leya ya marekebisho katikati ya orodha, vivuli vinaondoka kimya, hakuna onyo, na anayeletewa faili asubuhi anaanza kuburuta taa. Kwenye Fusion hawezi kuingiza nodi ya kurekebisha rangi kati ya jina na gunia bila kwanza kukata waya wa Merge3D na kuongeza Renderer3D ya pili, na akishafanya hivyo, yeyote atakayefungua faili ataona mahali waya ulipokatwa.